Neno Moja, Mauzo Matatu: Kisa cha Jaruba la Mpunga Kijijini Java

Wahusika na sababu ya kukiandika kisa hiki

Mume ni Mtanzania aliyekulia katika kisiwa cha karafuu. Mke ni Mwindonesia. Walikutana Muscat, mume akiwa fundi wa viyoyozi na mke akishona nguo dukani, wakaoana mwaka 2013 kijijini kwa mke, mbele ya ofisa wa ndoa wa serikali. Wameniruhusu nikiandike kisa chao ili wenzao wenye ndoa na ndoto kama zao wafungue macho mapema. Majina yao, jina la kijiji na alama nyingine za kuwatambulisha nimeziondoa. Karatasi ninazozitaja nimezisoma, na kikao cha mwaka 2022 nilikihudhuria, nimekaa mkekani nyuma ya mume huku mke akitutafsiria kwa sauti ya chini.

Kijiji chenyewe

Kiko Java ya Kati, ubavuni mwa mlima wa volkano. Chini ni majaruba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mfereji. Juu yake zimekaa nyumba za vigae zilizobanana, na juu zaidi ni mashamba makavu: mihogo, minazi, mikarafuu, na miti ya sengon inayokua haraka, ambayo baada ya miaka 5 hadi 7 huuzwa kwa mbao. Sengon ndiyo benki ya watu wa pale. Mtoto akiingia sekondari, miti kadhaa huangushwa. Uani mwa nyumba kuna midoriani na mishokishoki, matunda ambayo mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa.

Katika safari ile ya kwanza mume alikuta karafuu zimeanikwa kwenye turubai mbele ya nyumba ya wakwe. Akaokota moja, akaivunja kwa ukucha, akainusa, akamwambia babamkwe kwa ishara kwamba bado siku moja ya jua. Mzee alicheka mpaka akaita majirani. Miti ya karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Iliyoko Zanzibar ilifika mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia yenyewe, kwa ajili ya sigara zake za kretek. Kwa hiyo mume alijiona yuko nyumbani.

Na lugha ilimzidishia hisia hiyo. Alisikia hukum, adat, wakaf, wasiat, waris, izin, saksi. Mengi ya hayo yanafanana na yetu kwa kuwa sote tumeyachota kwenye Kiarabu. Ninalitaja hili mapema kwa sababu kosa lililowagharimu lilianzia hapa: walisikia maneno wanayoyajua, wakaacha kuuliza yana maana gani pale yanaposemwa.

Ununuzi wa kwanza, 2014

Mwishoni mwa mwaka 2014 shemeji, yaani kaka wa mke, alipiga simu Muscat. Jirani alikuwa na mgonjwa hospitalini na alihitaji fedha haraka. Alikuwa tayari "kuuza" jaruba la ru 120. Ru ni kipimo cha huko, kama mita za mraba 14, kwa hiyo ni kama mita za mraba 1,700. Fedha zilitumwa ndani ya siku 3.

Hapakuwa na hati. Jaruba lilikuwa na ingizo tu katika Letter C, daftari la zamani la ardhi na kodi linalotunzwa katika ofisi ya kijiji. Shemeji na jirani waliandikiana risiti, wakabandika stempu ya rupia 6,000 na kutia saini juu yake, mzee mmoja akashuhudia. Nimeishika risiti hiyo. Imeandikwa kiasi cha fedha, tarehe, na maneno mawili ya Kijava: kanggo sawah. Maana yake ni "kwa ajili ya jaruba". Neno la kuuza halimo. Neno la rehani pia halimo.

Ingizo la Letter C halikubadilishwa. Kila mwaka karatasi ya kodi ya ardhi ilikuja kwa jina la jirani, na shemeji akailipa. Yeye ndiye aliyelima, kwa utaratibu wa maro: mlimaji huchukua nusu na mwenye shamba nusu. Nusu ya mke ilipelekwa kwa mama yake, ikawa chakula cha nyumba.

Sheria ilikuwa na maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Sheria ya Msingi ya Ardhi, namba 5 ya mwaka 1960, inasema milki kamili ya ardhi, hak milik, ni ya raia wa Indonesia tu. Sheria ya ndoa ya mwaka 1974 inasema mali inayopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili, isipokuwa wamekubaliana vingine kwa maandishi. Ukiziweka pamoja, mke aliyeolewa na mgeni bila mkataba wa mali akinunua ardhi, nusu yake inaonekana ni ya mgeni. Na kanuni za mwaka 1961 zinakataza mtu kumiliki shamba la kilimo katika wilaya ndogo asiyoishi. Mke alikuwa Muscat. Kwa kuwa kila kitu kilikaa mikononi mwa shemeji, hakuna ofisi iliyogusa jambo hilo, na ukimya huo wakauchukulia kama idhini.

Kiwanja, 2017

Mara ya pili walifanya vizuri, na ni haki kulisema hilo wazi. Walitaka kiwanja cha nyumba, chenye hati ya Idara ya Taifa ya Ardhi. Ofisa wa hati, anayeitwa PPAT, aliangalia cheti cha ndoa, akaona uraia wa mume, akasimama. Bila mkataba wa kutenganisha mali hakuandika kitu.

Mtu mmoja wa mjini aliwashauri wapite njia ya mkato: kiwanja kiandikwe jina la shemeji, kisha pawe na mkataba wa siri kwamba shemeji amekopeshwa na mume. Njia hii imewaliza wageni wengi Bali na kwingineko. Kifungu cha 26 cha sheria ya 1960 kinabatilisha uhamisho wowote wa milki kwa mgeni, wa wazi au wa kuzunguka. Ardhi inaangukia kwa serikali na fedha zilizolipwa hazidaiwi. Mke alikataa.

Bahati ilikuwa upande wao. Zamani mkataba wa mali ulipaswa kuandikwa kabla ya ndoa au siku ya ndoa. Tarehe 27 Oktoba 2016 Mahakama ya Katiba ya Indonesia, katika shauri lililoletwa na raia aliyeolewa na mgeni, iliamua kwamba unaweza kuandikwa hata ndoa ikiwa imekwisha kufungwa. Miezi michache baadaye mume na mke walikwenda kwa notari, wakatenganisha mali, wakausajili mkataba kwenye ofisi ya ndoa. Kiwanja kikaandikwa jina la mke peke yake. Muuzaji alilipa kodi yake ya asilimia 2.5, mke akalipa ushuru wa kupata ardhi wa asilimia 5 ya thamani inayozidi kiwango kisichotozwa, na hati ikatoka.

Mume aliniambia usiku ule hakulala. Alikuwa ametia saini kwamba nyumba aliyoitolea jasho la miaka si yake. Sidhani ni jambo dogo, na mshauri asiyeliona zito hajawahi kujenga.

Kurudi kuishi, 2019

Walihamia kijijini na binti yao wa miaka 5. Mume alipata kibali cha ukaazi kwa udhamini wa mkewe. Maisha yalikuwa ya gharama ndogo sokoni na kubwa kwenye sherehe. Barabara ya mtaani ilikuwa imemwagwa zege kwa fedha za Dana Desa, ruzuku ambayo serikali kuu huipa kila kijiji tangu mwaka 2015. Mtaa una kiongozi wa RT, ambaye kwa Mtanzania ni mjumbe wa nyumba kumi hasa. Kuna arisan, ambao ni upatu. Kuna doria ya usiku ya zamu. Kuna tahlilan, ambayo mume aliitambua mara moja kuwa ni hitima.

Kilichomshinda kwanza ni michango. Katika mwezi wa Besar, ambao ni Mfunguo Tatu, ndoa hufuatana kwa sababu mwezi unaofuata wa Suro Wajava hawaozeshi. Mke alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu: upande wa kushoto nani alileta nini kwenye ndoa yao ya 2013, kilo ngapi za mchele, sukari kiasi gani, bahasha ya shilingi ngapi, upande wa kulia tarehe aliyorudisha. Mume aliona ni upotevu, akataka wapunguze. Mke akamjibu kwamba kurasa zile ndizo deni pekee kijijini ambalo kila mtu analilipa.

Mume alikuwa na mpango wa kujenga vyumba vya kupangisha pembeni mwa lile jaruba. Mkuu wa kijiji alimwonyesha ramani: eneo lote la mfereji limewekwa katika ardhi ya chakula inayolindwa, kwa sheria ya mwaka 2009, na haligeuzwi kuwa majengo. Hata lingegeuzwa, wapangaji wangetoka wapi? Hakuna kiwanda wala chuo karibu, na vijana wa kijiji wako Malaysia, Taiwan na Hong Kong. Mpango ukafa, na ulistahili kufa. Wakapanda sengon kwenye kipande cha juu cha babamkwe.

Wapimaji wanafika, 2022

Mwaka 2017 serikali ilianza mpango unaoitwa PTSL wa kupima na kuandikisha ardhi kijiji kizima kwa mara moja. Zamu ya kijiji hiki ilifika mwaka 2022. Kila mwenye shamba husimama kwenye mpaka wake na majirani wake, wanakubaliana, vigingi vinapigwa. Shemeji alisimama kwenye ru 120. Watoto 3 wa jirani, ambaye alikuwa amefariki mwaka 2020, nao wakasimama.

Hawakuja kwa shari. Binti mkubwa alikuwa amerudi kutoka Hong Kong kwa Idd el Fitri, ya kwanza baada ya miaka 2 ya marufuku ya safari za sikukuu kwa ajili ya korona. Alileta fedha. Alisema amekuja kulikomboa shamba la baba.

Kikao katika ukumbi wa kijiji

Tulikaa chini, glasi za chai zikiwa na vifuniko vyake, karanga za kuchemsha katikati. Katibu wa kijiji alifungua Letter C. Kurasa zimekuwa rangi ya ndizi mbivu. Risiti ikapita mkono kwa mkono. Kisha akaulizwa yule mzee shahidi: mwaka 2014 waliuziana vipi?

Hapo ndipo nilipolielewa jambo zima. Kwa Kijava neno ni moja, adol, yaani kuuza. Lakini kuna adol plas, kuuza moja kwa moja, ardhi haina kurudi. Kuna adol sende, kuuza kwa sharti la kukomboa, ambalo Kiindonesia hulitaja kama gadai, yaani rehani. Na kuna adol tahunan, kuuza mavuno ya miaka fulani, ambalo sisi tungeliita kukodisha. Mtu akiwa na shida husema tu "nauza", na wa kijijini hujua kwa hali yake ni uuzaji gani. Mwenye mgonjwa hospitalini hauzi plas. Mzee shahidi alisema neno moja: sende. Shemeji aliinama. Baadaye alikiri kwamba alijua lilikuwa jambo lisilotamkwa, na kwamba kwenye simu alitafsiri kwa neno lililokuwa jepesi zaidi.

Mume hakuwa na sababu ya kuligeuza jambo hili kuwa ajabu la ugenini. Zanzibar nako wenye mashamba ya karafuu waliuza kwa bei ya khiyari, wakiwa na haki ya kukomboa, na migogoro yake ilizisumbua mahakama na serikali za wakati huo. Bibi yake mwenyewe angemwuliza swali sahihi.

Katibu akaongeza jambo ambalo hata binti wa Hong Kong hakulijua. Kwa sheria namba 56 ya mwaka 1960, anayeshika shamba la kilimo kwa rehani miaka 7 au zaidi lazima alirudishe ndani ya mwezi mmoja baada ya mazao yaliyopo kuvunwa, bila kulipwa chochote. Miaka 7 ilikuwa imepita miezi michache nyuma.

Ukumbi ulinyamaza. Bahasha ya binti ilikuwa sakafuni mbele yake. Hakuirudisha mkobani. Mke wa kisa chetu aliisogelea, akahesabu nusu, akaisukuma nusu nyingine irudi. Hakumwuliza mumewe.

Walichoamua na kwa nini

Mume alitaka kwenda mahakamani. Alikuwa na risiti, uthibitisho wa kutuma fedha, na stakabadhi za kodi za miaka 7. Tulilizungumza usiku kucha, na sababu za kuacha zilikuwa tatu. Risiti haikusema ni mauzo, na kulipa kodi si ushahidi wa kumiliki. Nyumba ya warithi iko hatua 40 kutoka mlangoni pao. Ya tatu ndiyo iliyomnyamazisha: ili ashinde, angelazimika kuthibitisha kwamba fedha za mwaka 2014 zilitoka kwake, mgeni, kabla ya mkataba wa mali kuwapo, na jaruba likashikwa kwa jina la mtu mwingine. Kadiri anavyothibitisha kwamba alinunua, ndivyo anavyokiingia kifungu cha 26.

Jaruba lilirudishwa baada ya mavuno. Warithi, wakiwa wanarejea kazini ng'ambo, walimwachia shemeji aendelee kulima kwa maro. Safari hii mapatano yameandikwa ukurasa mzima, na neno maro limo.

Uchambuzi

Hasara haikuwa kubwa kama mume alivyodhani usiku ule. Sheria namba 56 ya 1960 ina mantiki: anayeshika shamba kwa rehani anakula mavuno kila msimu, kwa hiyo baada ya miaka 7 anahesabiwa amekwisha kulipwa. Tulichukua daftari la shemeji. Mavuno 14, nusu ya mke kila mara. Ukijumlisha mpunga uliokwenda kwa mama yake, thamani ilikaribia kiasi walichotoa 2014, kabla ya kuhesabu kupungua kwa nguvu ya rupia. Walipoteza uwekezaji wa kichwani. Chakula walikula.

Hasara halisi ilikuwa ya muda. Kabla ya miaka 7 kutimia kuna hesabu ya ukombozi iliyowekwa na sheria: unachukua 7 na nusu, unatoa miaka iliyopita, unazidisha kwa fedha ya rehani, unagawa kwa 7. Walipohamia mwaka 2019 ilikuwa karibu mwaka wa 5. Kama wangeuliza siku ile, stahili yao ya kisheria ingekuwa kama asilimia 36, jirani mwenyewe alikuwa hai, na wangeweza kukaa naye kuzungumza ununuzi wa kweli, kwa jina la mke, mkazi, mwenye mkataba wa mali. Kila kikwazo cha 2014 kilikuwa kimeondoka. Walikuwa na miaka 3 ya kuuliza swali moja kwenye ofisi ya kijiji iliyo umbali wa kutembea kwa miguu.

Simlaumu shemeji kama mume alivyomlaumu. Alilima, alilipa kodi, alipeleka mpunga kwa mama. Kosa lake ni kutafsiri kwa ulaini. Kosa la wanandoa ni kutuma fedha bila kuomba kuona karatasi. Mimi ninayeandika ningeweza kulifanya kosa hilo hilo, kwa shemeji yangu mwenyewe.

Kilichofanya kazi ni mambo mawili yasiyofanana. Mkataba wa 2017 uliiweka nyumba nje ya ugomvi wote. Wapimaji walipita hapo kwa dakika chache. Na daftari la bluu. Warithi walikuwa na haki ya kuondoka na bahasha nzima baada ya katibu kusema. Binti wa Hong Kong alimwambia mke pale nje, akivaa viatu, kwamba mama yake yeye binti alipofariki, watu wa nyumba ya mke ndio waliopika siku 7 za hitima. Katika hesabu ya faida ya kuishi kijijini mume hakuwahi kuliandika jambo hilo, kwa sababu mume alihesabu ardhi tu.

Na kuhusu ardhi kama mali ya kuuza baadaye, niseme nilivyoona. Soko la kijiji kile linafunguka mara moja kwa mwaka, wiki za Idd, wahamiaji wanaporudi na akiba. Mnunuzi ni mtu wa pale pale au aliyezaliwa pale. Anayetaka kuuza mwezi wa Suro atasubiri. Mume alitegemea bei ipande kama Muscat au Dar es Salaam. Ilichokuwa nacho nyumba ile ni mahali pa kuishi, na hilo inalitimiza vizuri.

Yaliyobaki

Mke akitangulia kufa, mume ni mrithi, lakini Sheria ya Msingi ya Ardhi inampa mgeni mwaka 1 tu wa kuihamisha milki iliyomfikia kwa urithi. Haki ya kutumia, hak pakai, inaruhusiwa kwa mgeni mkaazi kwa miaka 30 na inaongezeka, ila kiwango cha chini cha bei ya nyumba kilichowekwa kwa wageni kiko juu mno kwa nyumba ya kijijini. Kwa hiyo wanamtazama binti. Kwa sheria ya uraia ya mwaka 2006 anabeba uraia wa wazazi wote wawili mpaka miaka 18, kisha ana miaka 3 ya kuchagua, na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akichagua Indonesia, nyumba inakaa. Akichagua Tanzania, mwaka 1 unaanza kuhesabiwa kwake pia.

Amezaliwa 2014. Baba yake amekwisha mweleza, kwa Kiswahili, mbele ya hati iliyowekwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Mtoto aliuliza kama miti ya sengon nayo inahesabiwa. Wakamjibu kwamba sengon itakuwa imekatwa kulipa ada yake kabla ya siku hiyo kufika.